Kulabu za Chumba cha Nyuma

Wapo walioniambia ninyamaze baada ya yale niliyoyasema hapa Jumapili iliyopita. Nawashukuru kwa ushauri, ila sinyamazi.

Kwa aliyekosa: mimi ni Addy Chuc, mwaka wa kumi na moja huu niko halmashauri ya mji wetu hapa Yucatán, meza ya matumizi ya ardhi na vibali vya ujenzi. Miaka saba nilikuwa mchumba wa Fermín Euán, fundi mwashi. Miezi mitano iliyopita alinijia kofia mkononi, akasema moyo wake umehama. Ulihamia kwa Neyda Cocom, niliyekaa naye dawati moja shuleni, na ambaye ndiye angenishikia maua siku ya harusi yangu.

Niliishia pale faili namba 114 lilipotua mezani kwangu. Mwombaji: Neyda Cocom. Ombi: nyumba ya kuishi, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Fundi: Fermín Euán.

Ilikuwa Jumatatu. Ofisi nzima ilinuka maharage na nyama ya nguruwe, maana Jumatatu kwetu hakuna nyumba inayopika kitu kingine. Nilisukuma sahani pembeni, nikaifungua ramani.

Wewe ukiona ramani ya nyumba utaona mistari. Mimi naona watu. Naona nani anapika, nani hataki kuonana na jirani, nani anaishi na mama mkwe. Na kwetu umbea huu ni rahisi zaidi, kwa sababu hatulali vitandani. Tunalala kwenye machela za nyuzi, zinazofungwa kwenye kulabu ukuta kwa ukuta. Mchoraji analazimika kuonyesha kila kulabu kwa kiduara, maana tofali la mahali hapo hujazwa zege. Ukivihesabu viduara, umejua nani atalala wapi na nani.

Nikavihesabu.

Chumba cha mbele: jozi moja ya kulabu nene, za machela ya watu wawili. Hapo wivu ulinishika mchana kweupe. Mimi machela yangu ya watu wawili, ya buluu na njano, niliisukisha mwaka wa pili wa uchumba. Mpaka leo imo kwenye mfuko wake, haijaona ukuta.

Chumba cha nyuma: jozi mbili. Moja ya kawaida. Nyingine ilikuwa chini, mita moja na robo tu kutoka sakafuni. Nilikisoma kipimo hicho mara tatu. Katika mafaili yote niliyowahi kupitisha, kulabu zilizowekwa chini kiasi hicho zilikuwa za mtoto, ili akianguka asiumie.

"Ana mimba," nikasema.

"Nani ana mimba?" Mirna wa mapokezi aliinua uso kutoka kwenye maharage yake. Huyo masikio yake hayajawahi kwenda likizo.

"Neyda. Tazama. Hii ya mtoto, na hii ya pembeni bila shaka ya mama yake, atakayekuja kumlea mjukuu. Miaka saba Fermín ananiambia tusubiri, tusubiri, mtoto atakuja wakati wake. Kumbe wakati wenyewe ulikuwa kwa Neyda!"

Mirna akaweka kijiko chini. "Addy, shoga yangu, hivi umesikia habari za doña Socorro?"

Doña Socorro, yaani Bi Socorro, ni mama yake Fermín. Miaka saba nilimwita mama. Jumamosi nilikuwa nalala kwake, machela yangu kando ya yake, tukipiga soga mpaka mmoja wetu aanze kukoroma. Sukari ilimwandama muda mrefu, na kidonda cha mguu wake nilikiosha kwa mikono yangu hii.

"Mirna, nilikwambia nini kuhusu ukoo wa Euán?"

"Ulisema nisiwataje."

"Basi usiwataje."

"Lakini hii ni ya—"

"Mirna!"

Akarudi kwenye maharage yake. Lile ni kosa langu la kwanza, liandikeni.

Nikaanza kutafuta dosari. Hakuna ramani isiyo na dosari, mtu wa meza yangu akiitaka kweli. Nafasi ya mpakani ilikuwa sawa. Madirisha sawa. Shimo la maji machafu sawa. Fermín anajua kazi yake, na hilo nalo lilinichefua.

Kisha nikauona mlango wa barabarani. Ulikuwa na upana wa mita moja na nusu, hauna hata ngazi moja, mbele yake mteremko mdogo wa saruji.

Neyda anaoka keki za kuuza. Mji mzima unajua.

"Duka," nikasema kwa sauti. "Anajenga duka la mikate, anatudanganya ni nyumba."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapoungama. Mimi nimeona maelfu ya ramani. Mlango mpana wenye mteremko una maana nyingi, na najua ofisa mwadilifu hufanya nini akiwa na shaka: anamwita mwombaji, anamuuliza. Sikumwita. Sikutaka jibu, nilitaka kumtia Neyda mchanga kwenye kitumbua.

Nikaandika: "Matumizi halisi yaliyokusudiwa ni biashara. Eneo ni la makazi. Mwombaji ameficha ukweli. Ujenzi umeanza kabla ya kibali. Napendekeza ombi likataliwe na eneo lifungwe siku tisini."

Kuanza kabla ya kibali kila mtu huanza. Hata nyumba ya meya ilianza kabla ya kibali, na ni mimi niliyeipitisha.

Injinia Argáez, bosi wangu, hakusoma. Aliuliza tu, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi: "Umehakikisha, Addy?"

"Nimehakikisha, Injinia."

"Ukisema wewe, mimi sina neno." Akasaini. Chini ya saini yake, mstari wa mwisho, kama kwenye kila barua yetu ya kukataa, kulikuwa na jina la mtathmini: langu.

Jumanne Neyda akaja dirishani. Alivaa hipil nyeupe yenye maua, gauni lile pana la mama zetu. Macho yangu yalikwenda tumboni moja kwa moja, lakini ndani ya hipil unaweza kuficha hata ndama.

"Habari za asubuhi, Addy."

"Bi Cocom. Namba ya faili?"

"Jamani. Mpaka namba?"

"Hapa tunahudumia namba, bibie. Majina tunayaacha kanisani."

"Mia moja na kumi na nne. Nimekuja kuuliza kama inawezekana kuharakishwa. Mvua zinakaribia, na tuna sababu."

"Kila mtu ana sababu. Wengine sababu zao zinakua kila mwezi."

Hakunielewa, au alijifanya. "Nilitaka nieleze kuhusu ule mlango. Ni mpana kwa ajili ya—"

"Maelezo yote yapo kwenye ramani."

"Hayapo yote, mchoraji alisahau kuandika kwamba—"

"Rudi Alhamisi."

"Addy, nisikilize dakika moja tu. Kama una hasira na mimi nitukane, nimekuja tayari. Ila hii si yangu."

"Inayofuata!" nikaita. Na nyuma yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

Liandikeni la pili.

Jumatano wakaguzi wawili walipanda gari na karatasi za kufungia eneo, zile nyekundu zenye nembo ya halmashauri. Kazi hiyo si yangu. Mimi kazi yangu inaishia mezani. Lakini niliomba lifti, nikasema nakwenda kuthibitisha vipimo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona uso wa Fermín. Nilipaka hata rangi ya mdomo.

Kuta zilikuwa zimeshafika juu ya milango. Fermín alikuwa kwenye chumba cha nyuma, anasukasuka kulabu kwa mkono kupima kama imeshika. Alikuwa amekonda. Nilifurahi kuona amekonda, kisha nikaumia kwamba hakukonda kwa ajili yangu.

Wakaguzi wakaanza kubandika. Mmoja akamkabidhi Neyda barua ya kukataliwa. Neyda akaisoma akiwa amesimama, mdomo ukicheza, kisha akaisoma tena.

"Biashara?" akasema. "Biashara gani?"

"Duka la mikate," nikajibu. "Mlango mita moja na nusu, mteremko wa kupitishia magunia ya unga. Unadhani sisi hatuna macho?"

Neyda akacheka, kicheko kibaya. "Fermín! Njoo umsikie ofisa. Anasema hapa ni duka!"

Fermín akatoka, mikono imejaa saruji. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kofia.

"Addy, mlango ule ni wa kiti cha magurudumu."

"Cha nani?"

"Hujui?"

"Nijue nini?"

"Mama amekatwa mguu. Wiki ya tano sasa. Ule wa kushoto."

Wa kushoto ndio niliokuwa nauosha.

Nilishika ukuta. Saruji ilikuwa bado mbichi, na mpaka leo gauni lile lina doa. Nikasikia sauti yangu ikiuliza upuuzi: "Na kulabu za chini? Si za mtoto?"

"Mtoto yupi?" akasema Neyda. "Ni za mama Socorro! Atoke kwenye kiti aingie kwenye machela bila kupanda. Sasa hivi analala stoo kwa mpwa wake, katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu nyumba yake ina ngazi tano. Stoo yenyewe mvua ikinyesha inaingia maji. Ndiyo sababu nilikuja kwako jana. Ukaniambia inayofuata."

Mngetarajia hapo wivu unitoke. Haukutoka, uligeuka tu upande wa pili. Nilimwona doña Socorro akiogeshwa na Neyda. Nilimwona akichanwa nywele na Neyda, akimsimulia Neyda zile hadithi za utotoni alizonisimulia mimi. Kumpoteza Fermín peke yake hakukutosha, kumbe nilikuwa na mama wa kunyang'anywa pia, na nilimwacha mwenyewe kwa kiburi.

"Kwa hiyo ile jozi ya pembeni ni yako," nikamwambia Neyda. "Utalala kando yake. Hongera. Umechukua kila kitu."

Fermín akatazama chini. Wakaguzi nao waliacha kubandika, maana utamu kama huu hawaupati kila siku.

"Mwambie," Neyda akamwambia Fermín.

"Haina haja."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

Fermín akafuta mikono kwenye suruali. "Mama alisema hahamii nyumba isiyo na kulabu zako. Alisema, Addy ana hasira sasa, hasira zitaisha, akija Jumamosi atalala wapi? Akanifanya nikamwonyeshe mchoraji kwa kidole. Jozi hiyo ni yako."

"Na unadhani mimi nilipenda?" Neyda alikuwa analia sasa, na analia vibaya, kwa kamasi. "Kiwanja changu! Cha baba yangu! Nampikia, anasema Addy haweki chumvi hivi. Namsuka nywele, anasema Addy ana mkono mwepesi. Addy, Addy, Addy, asubuhi mpaka jioni! Wivu unaniua mimi, wewe unasema nimechukua kila kitu. Nimechukua nini? Mume anayenuka chokaa?"

Fermín akaitazama suruali yake yenye saruji.

Nikawageukia wakaguzi. "Bandueni."

"Hatuwezi, doña Addy. Karatasi ikishabandikwa, hapaguswi tofali siku tisini, mpaka Injinia aandike mwenyewe. Anayebandua anashitakiwa. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni mimi niliyewafundisha.

Neyda akaikunja barua mara nne. "Hii nampelekea mama Socorro," akasema. "Ajue hizo kulabu alikuwa anamwekea nani."

"Neyda, tafadhali."

"Inayofuata," akasema, akaondoka.

Nilirudi ofisini kwa miguu, karibu nikimbie. Injinia Argáez alikuwa anakunja mikono ya shati. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: mlango, mteremko, kulabu, Fermín, Neyda, mimi.

Akaketi. Si mtu mbaya. Ana binti wa umri wangu.

"Addy, uamuzi umeshaingia kwenye daftari. Kuna njia moja ya kuufuta. Mtathmini anaandika kwa mkono wake kwamba taarifa aliyotoa haikuwa ya kweli, na alijua. Ukiniandikia hivyo, mimi nafungua eneo leo hii. Lakini karatasi hiyo hiyo lazima niipeleke kwa wakaguzi wa ndani. Kazi huna tena. Na si hapa tu, hakuna halmashauri itakayokupokea."

"Na nisipoandika?"

"Siku tisini zitapita. Mvua pia zitapita." Akaniwekea karatasi nyeupe mezani. "Tunafunga saa nane. Mimi nitakuwa ofisini kwangu."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa saba na dakika ishirini.

Nikakaa. Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu, cheo changu, namba ya faili, vizuri kabisa, kama nagombea zawadi ya mwandiko. Baada ya hapo mkono ukagoma. Miaka kumi na moja, jamani. Mume sina, mtoto sina, nina meza na mhuri. Nikiiondoa meza, nitakuwa mtu gani? Na ndani yangu, aibu iliyoje kusema, kulikuwa na sauti ndogo inayouliza: kwani lazima nyumba ya Neyda iishe mwaka huu?

Nikiwa hapo nikasikia Mirna anasema mapokezi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Karibu mama. Taratibu, taratibu, kuna kizingiti."

Nikainua macho.

Doña Socorro alikuwa anaingia kwa kiti cha magurudumu. Dereva wa baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu ndiye aliyekuwa anamsukuma. Alivaa hipil yake ya sikukuu, shali begani. Chini ya gauni, upande wa kushoto, palikuwa na utupu. Mikononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Yuko wapi mwanangu?" akauliza. "Ah, huyo hapo! Mbona umekonda hivyo? Hawakupi chakula huku?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye vigae vya ofisi, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama Jumamosi zile.

"Usilie. Mguu wenyewe ulikuwa hauna faida, unaujua kuliko mtu yeyote. Nilimwambia Fermín, Addy atakuja. Hukuja. Basi nimekuja mimi."

"Mama..."

"Sikiliza, nina shida. Barua hii imeletwa leo. Neyda amefika nayo analia, nikamwambia nisomee, akakataa! Amekataa kabisa. Amesema barua hii anaweza kunisomea Addy peke yake." Akatikisa kichwa. "Ni msichana mzuri, ila ana wivu sana. Shika."

Doña Socorro hajui kusoma. Anazungumza Kimaya chake na Kihispania cha sokoni, na kila barua aliyopata kwa miaka saba niliisoma mimi: ya kliniki, ya umeme, ya mpwa wake aliye ng'ambo. Aliamini sijawahi kuruka hata neno moja.

Nikaikunjua. Mwandiko wa mashine, nembo, mhuri. Mirna alikuwa amesimama dirishani, kaziba mdomo. Karatasi yangu nyeupe ilikuwa mezani, na jina langu juu yake.

"Soma, mwanangu. Polepole, nielewe."

Nikasoma. Nilisoma namba ya faili. Nilisoma kwamba mwombaji ameficha ukweli, naye akaguna. Nilisoma siku tisini, akauliza tisini ni miezi mingapi, nikamwambia mitatu. Akatazama dirishani, mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi upande wa kusini.

"Miezi mitatu," akasema. "Kwenye magunia." Halafu akanyoosha mgongo. "Mtu aliyeandika haya hanijui, Addy. Angenijua asingeandika. Nataka nimwone, nimweleze kwa mdomo wangu, atanielewa tu. Wewe unawajua wote humu ndani. Pale chini pana jina, si ndiyo?"

"Lipo, mama."

Akaweka kidole chake kwenye mstari wa mwisho, penyewe hasa, utadhani anajua kusoma.

"Nisomee. Ni nani?"